Mkwe Wangu Alihesabu Miguu

Nina miaka sitini na saba, elimu yangu ni darasa la saba, na mwaka huu nilihesabiwa kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu kwa sababu ya miguu yangu.

Si akili. Miguu. Hii hii miwili, yenye magaga.

Kaa vizuri nikusimulie. Mimi mwenyewe nimeshakaa, maana siku hizi nikisimama sana magoti yananisomea hesabu ya umri.

Kazi yangu ni usafi pale chuoni. Mwaka wa kumi na tisa huu. Nimepiga deki vyumba vya wasomi mpaka najua nani anaficha maganda ya machungwa nyuma ya kabati na nani analia akishafunga mlango. Mtu akikuzoea na ndoo hakuoni tena. Unakuwa kama bomba la ukutani.

Asubuhi nasafisha ghorofa ya tatu, kwa wakubwa. Kisha nashuka chini, ukanda wa mwisho kabisa, chumba namba kumi na nne, mlango wa pili kutoka stoo ya mafagio.

Hapo ndipo walipolisukumia somo la Historia na Fasihi.

Kila mwaka walilihamisha chumba kimoja kuelekea stoo. Nikawa namtania mwalimu wake kwamba mwakani nitamkuta ndani, kati ya dekio na sabuni ya maji.

"Angalau kutakuwa na harufu nzuri," alinijibu.

Wanafunzi walimwita Mzee Chaki. Wenzake wote walifundisha kwa mashine ya kuangaza picha ukutani, yeye aling'ang'ania ubao. Mabega ya koti lake yalikuwa meupe mwaka mzima. Alikuwa mtu mchovu, lakini uchovu wake ulikuwa kama wa mtu aliyebeba gunia lake mwenyewe, hataki kupokewa.

Sasa, pale chuoni yupo pia mkwe wangu, mume wa binti yangu.

Yeye ni mtu wa takwimu. Anahesabu viti, taa, wanafunzi, hata karatasi za chooni. Mimi naishi kwake, chumba cha uani, na sina la kumlaumu.

Ila ana adabu iliyopitiliza.

Tangu amuoe binti yangu, miaka ishirini na miwili, hajawahi kunitazama usoni. Akinisalimia, anausalimia mlango. Akitaka kuniambia kitu, anampitishia mtoto: mwambie bibi yako chai iko tayari. Na mimi nimekaa hapo hapo, hatua tatu, masikio yangu mazima. Nami namjibu kwa njia hiyo hiyo: mwambie baba yako nimesikia.

Mtoto alipokuwa mdogo alikuwa anachoka. Siku moja akatuuliza, si mmeshasikiana?

Jumapili asubuhi mkwe hukaa kizingitini na brashi na kopo la rangi, anapiga viatu vya nyumba nzima. Vya mkewe, vya mtoto, hata makubazi yangu. Saa nzima anasugua, hasemi neno. Binti yangu husema mumewe anaelewana na viatu kuliko watu.

Huyo mtoto ndiye mjukuu wangu wa pekee. Namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu mume wangu alimposa siku ile ile alipozaliwa. Mzee akatangulia. Tumebaki wajane wawili, mmoja hana meno, mwingine hajaolewa.

Alipofika umri wa chuo, baba yake akamchagulia uhasibu. Kuna ajira, alisema, akiuambia ukuta ili na mimi nisikie.

Mwaka wa kwanza alipita kwa kuburuzwa. Alikuwa akirudi nyumbani macho mekundu, anasema ni vumbi. Vumbi gani hilo linalomchagua mtu mmoja?

Mwaka wa pili, siku moja, nikaingia chumba namba kumi na nne na ndoo yangu nikidhani kipindi kimeisha.

Nani nimemkuta mstari wa mbele, kalamu inakimbia kama imeibwa?

Mke mwenzangu.

Alinifuata mpaka stoo, akafunga mlango kwa mgongo. Alikuwa amebadilisha somo tangu mwanzo wa mwaka. Fomu alijaza mwenyewe. Nyumbani hakumwambia mtu.

"Bibi, baba akijua, nimekwisha. Atanirudisha kule. Na nikirudishwa kule nitakufa nikiwa nakaa kitini."

Nikamwambia mimi nimetunza siri za babu yake zilizo nzito kuliko hiyo. Asiwe na wasiwasi.

Basi, kila jioni mezani, baba yake akawa anamuuliza swali lile lile: hesabu zinaendaje?

Naye anajibu: zinaendelea, baba.

Baba anatikisa kichwa, anatazama sahani yake. Mimi natazama dari. Tukaishi hivyo, dari na sahani, karibu muhula mzima.

*

Tangazo likabandikwa. Mimi ndiye niliyefuta kioo cha ubao wa matangazo siku hiyo, kwa hiyo nililisoma kabla ya maprofesa.

Lilisema kwamba uongozi umeona masomo mengine hayana tija. Somo lolote litakalokutwa na wanafunzi chini ya kumi na wawili siku ya kuhesabu, litafutwa, na wanafunzi wake watarudishwa kwenye masomo waliyoandikishwa mwanzo.

Aliyetia saini ni Mkuu wa Taaluma. Sisi wa mafagio tulimwita Bwana Tija, maana hawezi kumaliza sentensi bila neno hilo. Nadhani hata mkewe anamuuliza usingizi ulikuwa na tija kiasi gani.

Chumba namba kumi na nne kilikuwa na wanafunzi kumi na mmoja.

Mke mwenzangu alipolisoma tangazo hakulia. Alikaa tu kwenye ngazi za nje, mkoba miguuni, kama mtu anayesubiri basi ambalo limeshapita.

Kumi na mmoja. Kichwa kimoja tu.

Nakuapia, hilo lililofuata sikulipanga.

Ilikuwa Jumanne. Nilikuwa nimetoka ghorofa ya tatu, miguu inawaka moto. Kipindi cha Mzee Chaki kilikuwa hakijaisha, na ndani nilitakiwa nipige deki. Nikaingia kimya kimya, nikaweka ndoo kando, nikakaa dawati la nyuma kabisa, linalotazamana na mlango. Nikavua koti la kazi, maana joto. Nilitaka dakika tano tu.

Mlango ukafunguliwa. Mkwe wangu huyo, na ubao wake wa fomu.

Akainua kichwa ahesabu watu. Mtu wa kwanza macho yake kukutana naye ni mimi.

Weee.

Macho yalianguka chini kama sarafu. Akasimama hapo mlangoni, anatazama sakafu niliyoipiga deki mwenyewe jana yake. Kuniambia mama toka, hawezi. Kuhesabu vichwa, lazima apitishe macho kwenye changu, hawezi. Kurudi bila namba, kazi itamwuliza.

Mzee Chaki akabaki chaki hewani. Mimi niliona mgongo wa mjukuu wangu mstari wa mbele ukiwa mgumu kama ubao wa kufulia. Hatua tano kati yake na baba yake.

Mkwe akaanza kuhesabu miguu.

Madawati yale hayana kibao mbele, miguu yote inaonekana. Nilimwona kidole chake kikitembea hewani, pole pole, dawati kwa dawati. Kijana mmoja alikuwa amekunja mguu juu ya kiti. Mkwe akasubiri. Kijana akaushusha kwa aibu. Mkwe akaendelea.

Alifika mwisho, akasita. Akaanza tena upya, tangu dirishani.

Kisha akaandika, akauaga mlango, akaenda zake.

Jioni ile Mzee Chaki alinikuta stoo nakamua dekio.

"Mama," akasema, "tumeandikwa kumi na wawili. Wa kumi na mbili ni wewe."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka. Akaniambia kuna kuhesabu kwa pili kabla ya muhula kuisha, na hawatasema siku. Wakikuta kumi na mmoja, basi.

Mke mwenzangu naye akaja mbio. Yeye alikuwa ameona faida nyingine.

"Bibi, ukiwa umekaa nyuma, baba hainui macho. Haoni mtu. Mimi sionekani kabisa."

Kwa hiyo nilitakiwa nikae darasani kila Jumanne na kila Alhamisi mpaka muhula uishe. Nijaze namba ya mwalimu, niwe pazia la mjukuu.

Nikauliza kama kusinzia kunaruhusiwa.

Mzee Chaki akasema nusu ya darasa inafanya hivyo na hajawahi kuwafukuza.

*

Sitakudanganya, wiki mbili za mwanzo nililala. Nilikuwa naamka alfajiri, ngazi za ghorofa ya tatu mara nne, kisha nikae kwenye kiti nisikilize mambo ya watu waliokufa. Ungekuwa wewe ungekoroma.

Wiki ya tatu Mzee Chaki alileta barua ya zamani. Msimamizi wa shamba kubwa alimwandikia tajiri wake kwamba wafanyakazi wana furaha. Nikiwa hapa barazani, aliandika, nawasikia wakiimba kutwa nzima.

Mwalimu akawauliza tunajifunza nini. Vijana wakaandika kwamba wafanyakazi walikuwa na furaha. Hata mke mwenzangu aliandika hivyo, kwa mwandiko mzuri.

Mzee Chaki akafuta ubao taratibu. Akaandika swali moja tu.

Aliyesema haya alikuwa amesimama wapi?

Vijana wakainamia madaftari. Ningenyamaza na mimi, lakini mdomo wangu haukuzaliwa na breki.

"Si amesema mwenyewe, barazani," nikasema. "Kutoka barazani unasikia sauti, husikii maneno. Na sisi tukipiga deki huwa tunaimba. Mngejua tunawaimba nani, mngejifungia ofisini."

Darasa liliangua kicheko. Mzee Chaki hakucheka. Aliyaandika maneno yangu ubaoni, yote, kwa chaki. Maneno yangu, mimi wa darasa la saba, na nukta mwishoni.

Alhamisi yake sikulala.

Lile swali likaniingia kama mchanga kwenye kiatu. Binti yangu akija na umbea wa jirani, namuuliza aliyekuambia alisimama wapi? Anakasirika, anasema mama siku hizi umekuwa hakimu. Nilipita tena pale kwenye tangazo la Bwana Tija, kwamba somo halina tija, nikajiuliza na yeye alisimama wapi. Ghorofa ya tatu. Na lifti mbovu tangu mwaka juzi. Huyo mtu hajawahi kushuka mpaka kwetu, ameyasikia yote barazani.

Usidhani nilikuwa na raha. Nilikuwa nachoka mara mbili, miguu kwa kazi na kichwa kwa shule. Kazi niliyoiacha kwa ajili ya kipindi ilinisubiri pale pale. Deki haina mtu wa kukushikia. Nikifika nyumbani nilikuwa nakula nikiwa nimefumba macho.

Na mezani swali ni lile lile. Hesabu zinaendaje?

Zinaendelea, baba.

*

Siku ya pili ya kuhesabu, mkwe hakuja peke yake.

Alikuja na Bwana Tija. Suti, kalamu mbili mfukoni, uso wa mtu aliyeshuka ngazi nyingi bila kupenda.

Mkwe alisimama mlangoni, macho chini kama kawaida. Kidole kikatembea. Akasema kwa sauti ndogo, kumi na wawili.

Bwana Tija akasema afadhali tuwe na hakika. Soma orodha, kila mtu aitike jina lake.

Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye makubazi. Jina la mjukuu wangu lina jina la baba yake nyuma. Mtu hata awe na adabu ya malaika, hawezi kusoma jina lake mwenyewe asishtuke.

Mkwe akafungua faili. Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akaivaa. Akaivua tena.

"Mkuu, utaratibu wa ofisi yetu ni kusoma namba za usajili," akasema. "Majina yana makosa mengi ya kuandika."

Akasoma namba. Vijana wakaitika mmoja mmoja. Ilipofika ya mke mwenzangu, mtoto aliitikia kwa puani kama mgonjwa wa mafua. Nipo. Sauti ya bata.

Baba yake hakuinua hata unyusi. Akaenda namba inayofuata.

Nikajisemea kimoyomoyo, huyu mwanamume kichwani ana kikokotoo. Mtoto amemlea mwenyewe, sauti hajui.

Wakaisha kumi na mmoja. Bwana Tija akanionyesha mimi kwa kalamu. Na huyu mama?

Nilikuwa nimeshashika meza ninyanyuke. Miguu imeshachoka, uongo umeshachoka, nikasema acha yaishe.

Mkwe akafungua ukurasa wa mwisho wa faili.

"Namba kumi na mbili. Msikilizaji. Kanuni ya thelathini na moja ya chuo: kibarua aliyetimiza miaka kumi anaruhusiwa somo moja bila masharti, na atahesabiwa. Nilimwandikisha baada ya hesabu ya kwanza."

Hakuna aliyejua kanuni hiyo. Mzee Chaki hakuijua. Bwana Tija aliichukua karatasi akaisoma mara mbili, akitafuta pa kuishika.

Kisha akanigeukia. Aliniuliza kwa upole, sitamsingizia, kwamba mimi kama mtu mzima nimepata nini cha maana humu.

Nikamwambia nimepata swali moja.

"Swali gani, mama?"

"La kumuuliza mtu amesimama wapi kabla sijamwamini. Wewe kwa mfano, dirisha lako linatazama maegesho ya magari. Lina ufa pembeni, chini, upande wa kushoto. Kutoka pale sisi hatuonekani."

Alinitazama sana. Nikaona anatafuta koti la kazi na ndoo ili aniunganishe.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi. Miaka kumi na tisa. Nimekuamkia asubuhi nyingi kuliko mkeo."

Hakuna aliyecheka, hata mimi. Yeye alikaa kwenye kiti cha mwalimu, kidogo tu, kama mtu ambaye viatu vinambana. Kwa karibu hivyo alionekana na yeye mchovu. Akasaini fomu juu ya goti lake.

Somo likaachwa lipumue mwaka mmoja mwingine. Mmoja tu, waliandika. Na chumba ni kile kile, mlango wa pili kutoka stoo.

*

Jumapili iliyofuata binti yangu alikuwa ametoka na mtoto. Tulibaki wawili nyumbani, mimi kwenye kigoda uani, mkwe kizingitini na brashi yake.

Hakukuwa na mtu wa kupitishia maneno.

Akaongea na kiatu.

"Wewe kiatu," akasema, amekishika mkononi, kiatu cheusi cha mke mwenzangu. "Wewe wa kushoto nilikushona mwenyewe kwa uzi mwekundu, kwa sababu mweusi uliisha. Siku ya kwanza nilipohesabu chumba namba kumi na nne, ulikuwa wa nne kutoka dirishani, mstari wa mbele."

Nikakitazama, uzi mwekundu upo kweli.

"Nikadhani nimekosea. Nikahesabu upya."

Akachovya brashi kwenye kopo. Akasugua kidogo.

"Mwaka wa uhasibu soli yako ililika kisigino. Mtoto anaburuza miguu, anakwenda asikotaka. Mwaka huu umelika mbele, kwenye vidole. Sasa mimi ningeandika nini? Niliandika kumi na wawili."

Akakigeuza kiatu upande wa pili.

"Kila jioni nilimuuliza hesabu zinaendaje. Nilikuwa namfungulia mlango. Nikasema labda leo ataingia. Muhula mzima nimeshika mlango, mkono umekufa ganzi."

Hapo ndipo nilipojisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu.

Mimi, mwerevu wa swali la ubaoni. Nilimuuliza kila mtu alisimama wapi, isipokuwa yeye. Mtu anayetazama chini anaona nini? Si anaona viatu? Na viatu vya nyumba hii nani anavijua kuliko yeye?

Tulikuwa tunaimba, mimi na mjukuu wangu, tukidhani yule wa barazani hasikii maneno. Kumbe anayasikia yote, na anasubiri tuimbe kwa sauti.

Nikauambia mlango, maana na mimi nina adabu zangu:

"Mwambieni mkwe wangu anisamehe."

Akakiambia kiatu:

"Mwambie mama hakuna kosa. Ila mtoto aniambie mwenyewe. Asiambiwe kwamba najua."

Sikumwambia. Nilimwambia tu mke mwenzangu kwamba pazia limechoka, linataka kushushwa, na ya kwake ayamalize mwenyewe.

Jioni tukakaa mezani. Sahani yake, dari yangu.

"Hesabu zinaendaje?"

Mtoto akaweka kijiko chini. Binti yangu akauliza kuna nini.

"Baba, sisomi hesabu. Niliacha tangu mwanzo wa mwaka."

Mkwe wangu akasogeza sahani pembeni, ambayo hajawahi kuisogeza kabla haijaisha.

"Unasoma nini?"

"Historia na Fasihi."

"Ajira yake sijui iko wapi," akasema. Ilikuwa kweli, na aliisema kwa uchovu, bila hasira. "Hilo tutalihangaikia baadaye. Haya, nisimulie."

"Nikusimulie nini, baba?"

"Chochote. Mliyosoma humo. Bibi yako aliwachekesha nini siku ile, nilipita ukandani nikawasikia?"

Mtoto akaanza na ile barua ya msimamizi wa shamba. Baba yake akasikiliza, kiwiko mezani. Alipofika kwenye maneno yangu ya deki, yule mwanamume alicheka, na katika kucheka akajisahau, akainua macho akanitazama usoni.

Miaka ishirini na miwili. Macho yake ni ya kahawia, sikuwahi kujua.

Akayashusha haraka, nami nikaitazama dari kumsitiri.

Ndiyo hivyo. Wanaouliza masomo yale yana faida gani, mimi sina jibu la kuwapa ghorofa ya tatu. Sijui yanajenga daraja gani. Najua tu kwamba mtu anaweza kukaa na wenzake nyumba moja miaka yote, akawahesabu mpaka miguu, na bado akahitaji siku moja mmoja wao akae chini amwambie: nisimulie.

Na wewe unayemficha mtu jambo ukidhani haoni, mtazame kwanza macho yake yanaangukia wapi.

Ngoja nikalale. Kesho Jumanne, nina kipindi.